Lenzi ya Wenyewe: Kisa cha Hadubini ya Mtumba Iliyovuka Kuja Lamu

Ami yangu alisomesha bayolojia miaka 31, na miaka yote hiyo hadubini ya shule ilikaa kabatini, ufunguo mfukoni mwa mwalimu mkuu. Ilikuwa moja kwa darasa zima, na ilitolewa siku ya mtihani tu. Alipostaafu akarudi Lamu, kwenye nyumba ya wazee wao Mkomani, akasema sasa anataka yake mwenyewe, aiweke karibu na dirisha na asimwombe mtu ufunguo. Mtaani ikavuma kwamba mwalimu ananunua darubini. Hata leo, Ramadhani ikikaribia, hakosi mtu wa kumwuliza kama ameuona mwezi.

Mimi nina kibanda cha kutengeneza simu mtaa wa Langoni, na kazi yangu naifanyia chini ya hadubini ndogo ya macho mawili, ile ya kulehemea bodi. Kwa hiyo katika ukoo mimi ndiye mjuzi wa hadubini. Ninachosimulia hapa ni jinsi mjuzi huyo alivyotumia wiki tano akifungua, akisafisha na kuharibu sehemu zilizokuwa nzima, akitafuta ubovu ambao ulikuwa umeandikwa kwa nje, ukisomeka, tangu kabla chombo hakijaondoka Mombasa.

Ununuzi

Dalali alikuwa Mombasa. Kazi yake ni kukusanya vifaa vya zahanati zinazofungwa au zinazobadilisha mashine: vitanda, mizani, majokofu madogo ya dawa, na mara moja moja hadubini. Alituma picha sita kwa simu. Chombo cha Kijapani, kwa umbo lake cha miaka ya 1980, macho mawili, lenzi nne za chini kwenye duara linalozunguka, za kukuza mara 4, 10, 40 na 100. Alitaka shilingi 18,000. Ami akamshusha hadi 15,500, nauli ya basi juu yetu.

Tuliuliza maswali ambayo kila mnunuzi huuliza. Taa inawaka? Inawaka. Vioo vina mikwaruzo? Havina. Ilikuwa ikitumika? Mpaka wiki ile zahanati ilipofunga. Yote yalikuwa kweli, na hilo ndilo linaloniuma: dalali hakutudanganya hata neno moja. Picha ya nne ilikuwa ya lenzi za chini kwa karibu, safi kabisa, maandishi yote yanasomeka. Tuliitazama picha ile tukasema mashallah, lenzi zinang'aa.

Mtu akiniuliza leo aombe nini kabla ya kutuma pesa, namwambia aombe video, si picha. Aone mkono ukizungusha kigurudumu kikubwa cha fokasi, kile cha kuikalisha picha sawa, kwenda na kurudi, kisha mkono uachie na meza ya slaidi ibaki ilipo, isizame. Aone lenzi moja ya jicho ikichomolewa na kamera ikichungulia ndani ya bomba tupu: panapaswa kuonekana duara la mwanga safi, bila madoa wala nyuzi. Na kila lenzi ya chini ipigwe picha yake peke yake, ikizungushwa polepole mpaka maandishi yote yasomwe. Muuzaji mwenye haraka atakataa. Mwache na haraka yake.

Safari sitaieleza sana. Basi la Mombasa linaishia Mokowe, kutoka hapo ni boti hadi gatini, na kutoka gatini ni hamali, kwa sababu vichochoro vya mji wa kale ni vya watu na punda. Chombo kilikuja ndani ya katoni ya mafuta ya kupikia, kimelazwa ubavu, kimejazwa magazeti. Kichwa chake chenye macho mawili hakikutolewa, ingawa hushikwa na skrubu moja tu ya pembeni na kingeweza kufungwa peke yake ndani ya leso. Hamali alikibeba begani kama anabeba kreti ya soda. Hakikuvunjika, alhamdulillahi, na sidhani ustadi wa mtu yeyote ulihusika.

Siku ya kwanza

Kabla ya kuwasha niliweka mita kwenye plagi. Waya wa ardhi ulikuwa umekatwa ndani, pengine na fundi aliyebadilisha waya akatia wa nyuzi mbili. Chombo ni cha chuma kitupu, umeme wetu ni volti 240, na mtumiaji anakigusa kwa mikono miwili na paji la uso. Nikarudisha waya wa nyuzi tatu. Hiyo ilikuwa dakika kumi, na kwa maoni yangu ndiyo kazi ya maana kuliko zote nilizofanya katika kisa hiki.

Tukaweka ganda la kitunguu. Kwa lenzi ya 4, vizuri. Kwa 10, vizuri sana, ami akanyamaza kidogo kwa jinsi alivyofurahi. Kwa 40, ukungu. Si giza, si ubovu wa kukataa kabisa. Kuta za seli zinaonekana, lakini kama unazitazama kupitia kioo cha dirisha kilichopuliziwa chumvi ya bahari. Unazungusha kigurudumu kidogo, picha inakaribia kukaa sawa, kisha inapita bila kukaa. Lenzi ya 100 hatukuweza kuijaribu, kwa sababu hiyo hufanya kazi ikiwa imezama kwenye tone la mafuta maalumu juu ya kioo, na mafuta hayo Lamu hatukuyapata. Kumbuka jambo hilo.

Ami akafuta miwani yake, akatazama tena. "Mato yangu ni ya kizee," akasema kwa Kiamu chake, Kiswahili cha Lamu, "lakini hunu ukungu si wa mato."

Na kigurudumu kikubwa kilikuwa kigumu kama kimepigwa gundi.

Grisi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu wengi huvunja hadubini za zamani mahali hapa. Grisi inayotiwa kiwandani kwenye meno na mihimili ya fokasi ni nzito kwa makusudi, ili mwendo uwe laini na meza isishuke yenyewe. Baada ya miaka thelathini au arobaini mafuta yake hukauka na kinachobaki ni kitu kama nta ya mshumaa. Kigurudumu kinakataa. Mtu anakishika kwa koleo. Ndani, kwenye baadhi ya vyombo, kuna gia moja ndogo ya plastiki, nayo hupasuka kimyakimya, na kuanzia hapo una pambo la mezani.

Dawa ya pili mbaya ni kupulizia yale mafuta ya kopo ya kulegeza nati zenye kutu. Kigurudumu kitalegea siku hiyo hiyo na utajiona hodari. Lakini mafuta yale ni mepesi, yanatambaa, yanafika kwenye vioo, kisha yanakauka na kuacha gundi mpya juu ya ile ya zamani.

Nilichofanya ni joto. Nina mashine ya hewa moto ya kung'olea vipande vya bodi, nikaiweka kwenye joto dogo kabisa, nikapuliza kwenye kitovu cha kigurudumu kwa mbali, nikizunguka, mpaka chuma kikawa cha kushikika kwa shida kidogo. Kikaanza kusogea kwa vidole. Nikakifungua, kila washa nikiipanga juu ya kitambaa cheupe kwa mpangilio iliotokea na kuipiga picha. Grisi ya zamani ilikuwa ya kijani iliyokaribia weusi. Niliiondoa kwa petroli ya kujazia vibiriti na vijiti vya meno, si kwa chuma, kisha nikapaka grisi nyeupe ya lithiamu niliyopata kwa wauza vipuri vya mashine za boti.

Matokeo: kigurudumu kikawa laini mno. Meza ikaanza kuzama yenyewe, polepole, kama pishi ya mchele juu ya tope. Unaweka fokasi, unaandika mstari mmoja, ukirudi picha imepotea. Nilidhani nimeharibu. Kumbe nyuma ya kigurudumu, kati yake na mwili wa chombo, kuna pete yenye matundu madogo ambayo kazi yake ni kukaza au kulegeza mwendo. Nusu mzunguko wa pete ile na meza ikatulia. Naamini mtu wa zahanati aliyepambana na kigurudumu kigumu aliilegeza mpaka mwisho akitafuta nafuu, kabla hajakata tamaa.

Kuvu ambayo ilitupoteza

Fokasi ikawa nzuri, lakini 40 bado ina ukungu. Hapa ndipo nilipoingia shimoni, na niliingia kwa hoja nzuri.

Kuna njia rahisi ya kujua uchafu uko wapi bila kufungua kitu. Ukiona doa, zungusha lenzi ya jicho kwa vidole: doa likizunguka nalo, liko kwenye lenzi ya jicho. Sogeza slaidi: likienda nayo, liko kwenye slaidi. Pandisha na kushusha kondensa, ile lenzi iliyo chini ya meza inayokusanya mwanga: likififia na kukolea, liko huko. Badilisha lenzi ya chini: likitoweka, umempata mwenyewe. Na kuikagua lenzi ya chini, chomoa lenzi ya jicho, igeuze juu chini, itumie kama kioo cha kukuzia, na uitazame ncha ya lenzi ile chini ya taa.

Tulipotazama hivyo tukakuta ncha ya 40 ina utando wa mafuta makavu. Huo ni ugonjwa wa zahanati: mtu anatazama damu kwa 100 yenye mafuta, kisha anarudi kwenye 40, ambayo ni ya kutumika kavu, nayo inapita juu ya tone. Nikaisafisha kwa karatasi ya lenzi na pumzi, halafu tone dogo la maji ya kusafishia miwani, nikifuta kwa duara kutoka katikati kwenda nje. Spiriti nyingi sikutia, maana lenzi hizi zina vioo vilivyogundishwa kwa ndani na spiriti ikipenya hula gundi. Ncha ikang'aa. Ukungu ukapungua kidogo. Kidogo tu.

Nikachomoa macho yote mawili, nikachungulia kichwani kwa tochi. Pembeni ya prizimu moja, vile vipande vya kioo vinavyopeleka mwanga kwenye macho mawili, palikuwa na nyuzi nyembamba zilizotawanyika kama mizizi ya mmea uliong'olewa. Kuvu. Lamu tunaijua, iko kwenye mikoba ya ngozi, kwenye misahafu ya zamani, kwenye picha za harusi za mama zetu. Nikamwambia ami, "Mwizi huyu hapa."

Kuvu ilikuwepo kweli, na ndiyo iliyotuponza. Lau tusingeikuta tungeendelea kufikiri. Hatukujiuliza swali ambalo mwanafunzi wake yeyote wa kidato cha pili angeuliza: kama ukungu uko kichwani, ambamo mwanga wa lenzi zote hupita, kwa nini 10 inaonyesha vizuri na 40 peke yake ndiyo mgonjwa?

Nikafungua kichwa. Prizimu zimeshikiliwa na vibanio vidogo vya chuma na skrubu za kurekebishia, baadhi zimetiwa tone la rangi kiwandani ili mtu asiziguse. Nikazigusa. Nikasafisha kuvu, kazi safi kabisa, nikarudisha kila kitu kwa kufuata picha zangu, tukatazama, tukaona vitunguu viwili. Jicho la kulia lilikuwa linaona juu kidogo ya jicho la kushoto.

Wiki mbili na nusu zilizofuata zilikuwa za kurudisha vitunguu viwili kuwa kimoja. Macho ya binadamu husamehe picha mbili zilizokaribiana kiasi kwa upande, kwa sababu yamezoea kujivuta ndani tunaposoma. Hayasamehi picha moja ikiwa juu ya nyingine. Dakika kumi tu na kichwa kinagonga. Nilichora msalaba mwembamba kwenye kipande cha kioo, nikauweka katikati ya bomba la kushoto, nikaupiga picha kwa simu kupitia lenzi ya jicho, kisha bila kugusa slaidi nikapiga kupitia la kulia. Nikalinganisha mahali msalaba ulipokaa katika picha hizo mbili, nikasogeza skrubu robo mzunguko, nikapiga tena. Nina picha zaidi ya mia mbili za msalaba ule ndani ya simu. Mke wangu aliziona akaniuliza nina nini.

Mwishoni ikakaa. Picha moja, macho mawili, hakuna maumivu. Na kwenye 40, ukungu ule ule.

Tone la mafuta

Kilichotufumbua ni chupa ndogo ya mafuta ya kuzamishia lenzi, shilingi 1,200, ambayo binamu aliipata Mombasa na kuituma kwa mtu aliyekuwa anakuja. Tukatia tone juu ya slaidi ya zamani ya damu ambayo ami aliihifadhi tangu ualimu, tukaishusha 100. Chembe za damu zikatokea zikiwa na kingo kama zimekatwa kwa wembe.

Ami hakufurahi, alikunja uso. Akasema: mia inaona vizuri kuliko arobaini, na zote mbili zinapitia kichwa kimoja, prizimu zilezile, macho yaleyale. Kisha akaniangalia kwa namna ambayo nadhani aliwaangalia wanafunzi wake. Nilielewa kwamba wiki mbili na nusu za msalaba zilikuwa za bure.

Jaribio lililofuata lilikuwa langu, na hilo najivunia. Niling'oa unywele wangu mmoja, nikaupiga picha kwa 10, kisha kwa 40, simu ikiwa kwenye kishikio kilekile na bila kuvuta kwa ndani. Nikahesabu upana wa unywele kwa nukta za picha. Ukitoka 10 kwenda 40 unapaswa kukua mara nne. Ulikua mara tatu na theluthi hivi. Lenzi iliyoandikwa 40 ilikuwa inakuza kama 33. Halafu nikakumbuka jambo ambalo tulikuwa tunalifanya kila siku bila kulitilia maanani: tukitoka 10 kwenda 40 ilitulazimu tuishushe meza, zaidi ya nusu ya mzunguko wa kigurudumu kidogo, ilhali lenzi za seti moja hubadilishana na fokasi ikabaki karibu palepale.

Nikafungua lenzi ile kutoka kwenye duara, nikaipeleka dirishani, nikaisoma. Kwenye 4, 10 na 100 imeandikwa 160/0.17. Kwenye 40 imeandikwa ∞/0.17.

Nikaifungua picha ya nne ya dalali. Ile alama ya nane iliyolala inasomeka bila hata kuikuza.

Maana ya alama ile

Namba ya pili, 0.17, ni unene wa kioo kidogo cha kufunikia slaidi, kwa milimita. Namba ya kwanza ndiyo yenye kesi. Kwa miaka mingi hadubini zilijengwa kwa bomba la urefu wa milimita 160: lenzi ya chini inajenga picha yake karibu na mwisho wa bomba hilo, na vioo vyake vimehesabiwa kwa urefu huo tu. Baadaye watengenezaji wakubwa wakahamia mfumo mwingine, Zeiss mwaka 1986, Olympus 1993, Nikon 1996, ambamo lenzi ya chini haijengi picha peke yake. Inatoa mwanga ulionyooka sambamba, na lenzi nyingine iliyo ndani ya mwili wa chombo ndiyo inayoukusanya. Hiyo ndiyo maana ya alama ya ukomo. Mfumo huo una faida, unaruhusu kuingiza vichujio katikati bila kuvuruga picha. Lakini lenzi ya mfumo mmoja ukiitia kwenye mwili wa mfumo mwingine, itatoa picha, na picha hiyo itakuwa na ukungu usiosafishika, kwa sababu si uchafu. Ni hesabu iliyokosewa. Na kwa lenzi za nguvu ndogo hutaona tofauti sana. Kwa 40 huwezi kuikosa.

Utauliza iliingiaje. Iliingia kwa sababu uzi wa skrubu ni mmoja. Kipimo cha milimita 20.32 kilianzishwa na Royal Microscopical Society ya London katika karne ya 19, na watengenezaji wengi wamekifuata hadi leo, wa bomba la 160 na baadhi ya wa mfumo mpya pia. Lenzi inaingia, inakaza, inakaa urefu uleule na jirani zake. Nimeona chaja za simu zikiunguza watu kwa sababu hiyo hiyo: tundu linakubali, kwa hiyo mtu anadhani na umeme umekubali.

Lenzi mpya ya 40, yenye 160/0.17 na 0.65 iliyoandikwa kando, ilitugharimu shilingi 3,800 kwa kuagiza mtandaoni. Hiyo 0.65 ndiyo namba inayotaja uwezo wa lenzi kutenganisha vitu vilivyo karibu, na kwa mnunuzi ni ya maana kuliko hata hiyo 40. Tuliipima kwa tope. Ami alichota tope la mikoko maji yalipokupwa, tukaliosha, tukadondoshea tone kwenye kioo cha kufunikia, likakauka, tukakiunguza kioo juu ya kipande cha bati kwenye jiko mpaka kila kilicho hai kikateketea na kubaki maganda ya diatomu, vile vijidudu vya jamii ya mwani ambavyo nyumba zao ni za kioo. Miongoni mwao kuna jamii ya Pleurosigma, umbo lake kama herufi S iliyonyooshwa, na ganda lake lina mistari iliyopangana kwa umbali wa karibu nusu mikroni, yaani nusu ya sehemu ya elfu ya milimita. Lenzi ya 0.65 inaweza kuitenganisha, kwa shida, ikiwa kondensa imepandishwa vizuri na tundu lake la mwanga halikubanwa mno. Tulihangaika na kondensa jioni nzima. Mistari ikaonekana. Tukairudisha lenzi ya ∞ kwa kulinganisha: ganda tupu, laini kama ukucha.

Sasa

Taa ya halojeni ya wati 20 niliitoa nikatia LED ndogo inayokula umeme wa benki ya simu, kwa hiyo umeme ukikatika ami hajui. Usiku chombo hakirudi kabatini. Kabati la mbao ndani ya nyumba ya mawe ya matumbawe ni shamba la kuvu. Kinakaa ndani ya kasha la plastiki lenye kifuniko cha kubana, pamoja na silika jeli ya rangi ya chungwa, ambayo ikishiba unyevu hugeuka kijani, na mke wa ami huikausha kwenye oveni baada ya kuoka mikate ya mofa, huku akinung'unika. Kuna aliyeshauri mchele. Katika kibanda changu nimekwisha kuokota punje za kutosha ndani ya matundu ya simu zilizoanguka majini. Mchele nauheshimu kwenye sinia.

Anachotazama zaidi ni birika la nyumba. Wanaojua nyumba za zamani za Lamu wanajua kwamba chini ya birika la maji ya kuogea huzamishwa bakuli la kauri, na samaki wadogo waliishi humo wakila viluwiluwi vya mbu. Maji yakipungua, bakuli ndilo lililobaki na maji ya kuwahifadhi. Bakuli la ami lipo, samaki hawapo siku nyingi. Kwa tone la maji ya humo ameona rotifa, vijinyama vidogo mno, wenye magurudumu mawili kichwani yanayoonekana kama yanazunguka, na asubuhi moja akanipigia simu kibandani nikiwa na mteja: "Ndoo utizame! Ndoo upesi!" (Ndoo kwa Kiamu ni njoo.) Alikuwa amepata saiklopsi, kiumbe kidogo cha jamii ya kamba, mwenye jicho moja jekundu katikati ya paji, amebeba mayai kwenye mifuko miwili pembeni kama punda mwenye matopa. Mteja alikuja pia. Simu yake ikachelewa kwa saa nzima na hakulalamika.

Kuhusu lenzi ya ∞, ami ana nadharia, na nadhani ni sahihi. Zahanati ile lazima ilikuwa na hadubini mbili, ya zamani na mpya. Siku moja mtu mwenye bidii alizisafisha zote pamoja, akapanga lenzi mezani, akazirudisha. Nilimpigia dalali. Akafikiri, akasema naam, zilikuwa mbili, ile nyingine mpya mpya aliiuza wiki moja kabla ya yetu, kwa mtu wa bara, na namba yake haipatikani tena. Lenzi tumeiweka ndani ya kopo la filamu lenye kipande cha silika, ami ameandika juu yake kwa mkono wa mwalimu: *Si yetu*. Mahali fulani kuna mtu anayefuta prizimu zake kwa pamba, na kwenye duara lake amekaza 40 yetu, 160/0.17, nzima kabisa.